Tulimpima karpi mlanyasi mdomo, tukasahau tumbo

Ukisoma chochote kuhusu karpi mlanyasi, samaki anayekula mimea ya majini, utaanza kukutana na hesabu ya chakula. Anakula kiasi gani kwa siku? Jibu linashangaza kweli. Kinda aliyekwisha kuhamia kwenye mimea, maji yakiwa na joto la kutosha, anaweza kumaliza majani yanayozidi uzito wa mwili wake kabla siku haijaisha. Akikua uwiano huo hushuka, ila samaki huyu hufikisha mita moja na zaidi na kilo zake huhesabiwa kwa makumi, kwa hiyo hata akipunguza, bado ni mlaji wa kutisha.

Hesabu hiyo imenichosha, na naamini ndiyo iliyowapotosha watu wengi. Tumemtazama mdomo kwa miaka mingi kama vile majani yakishaingia humo yanakwisha. Hayaishi. Yanabadilika sura tu na kutokea upande wa pili.

Tumbo lake ni kituko. Kwanza hana tumbo lenyewe kwa maana ya mfuko wa kusagia chakula. Koo linaungana moja kwa moja na utumbo. Utumbo huo una urefu wa kama mara mbili na nusu ya mwili, kipimo kifupi mno kwa mnyama anayeishi kwa majani. Ng'ombe ana tumbo la vyumba vinne na bado anacheua. Karpi mlanyasi anategemea meno ya kooni yenye kingo kama msumeno, yanayochana majani na kupasua seli zake. Seli iliyopasuka anafyonza maji yake. Isiyopasuka inapita kama ilivyoingia. Kwa vipimo vingi, karibu nusu ya anachokula hutoka hakijameng'enywa.

Mwaka 2015 watafiti wa China walichapisha ramani ya jenomu yake, yaani mkusanyiko wa jeni zake zote, zaidi ya 27,000. Mtu angetarajia kukuta humo silaha maalumu ya kuvunja selulosi, ile nyuzi ngumu ya majani. Mabadiliko yaliyowavutia yalikuwa kwenye ini, katika njia za kutengeneza mafuta ya aina ya steroli, zinazochangamka wakati kinda anapoacha vijidudu vya majini na kuanza majani. Naam, samaki huyu huanza maisha akiwa mla nyama. Ulaji wa majani ni kazi anayojifunza baadaye, na kwa kuwa mwili wake haukuumbiwa kubana matumizi, anafidia kwa kula bila kupumzika.

Wafugaji wa China walilijua jambo hili zamani sana, kabla ya jenomu na darubini. Katika mabwawa yao walichanganya karpi wanne: mlanyasi, wa fedha, mwenye kichwa kikubwa na mweusi. Mlanyasi alitupiwa majani, kinyesi chake kikarutubisha maji, viumbe vidogo vikazaliana, na wawili wanaochuja maji wakavila. Mweusi alibaki na konokono wa chini. Kwa hiyo huyu mlanyasi alikuwa kiwanda cha mbolea kinachoogelea, na hakuna aliyekificha kinyesi chake. Ndicho kilichokuwa mtaji. Mpaka leo yuko mstari wa mbele katika ufugaji wa samaki duniani: mwaka 2020 takwimu za FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, zilionyesha tani zipatazo milioni 5.8, kiasi ambacho hakuna samaki mwingine wa kufugwa aliyekifikia.

Waliomchukua kwenda kusafisha maziwa ndio waliosahau nusu ya pili ya habari. Aliingizwa Marekani mwaka 1963, akapelekwa Alabama na Arkansas, kwa ahadi ya kuondoa magugu bila sumu. Mfano ninaourudia kila mara ni Ziwa Conroe, Texas. Kati ya 1981 na 1982 walimwagwa humo karpi walanyasi wapatao 270,000 ili kupambana na hidrila, gugu linaloota chini ya maji. Kufikia 1983 mimea ya chini ya maji ilikuwa imekwisha. Ukiuliza swali la mdomo, huo ni ushindi mtupu. Lakini rutuba iliyokuwa imefungwa ndani ya mimea ikahamia majini, mwani ukaongezeka, na maji yakapungua uangavu. Ukipenda boga, penda na ua lake. Hapa ua ni kinyesi. Hidrila nayo huacha viazi vyake matopeni, na baada ya miaka ilirudi, na karpi wakarudishwa.

Tena huyu ni mchaguzi. Hidrila anaipenda, na mimea mingine laini pia. Lakini mriofili wa Ulaya, mmoja wa magugu yanayowasumbua sana watu wa maziwa kule Amerika Kaskazini, humwacha mpaka mwisho. Yaani ukimwachia ziwa lenye mimea ya asili pamoja na gugu hilo, anaweza kukufyekea wenyeji na kumbakisha mvamizi akiwa na nafasi tele. Mtu anayemwita samaki huyu mashine ya kukata majani hajawahi kuona mashine inayochagua.

Suluhisho lililosifiwa sana ni utasa. Mayai yaliyotungishwa hushindiliwa kwa shinikizo kubwa la maji kwa muda mfupi, samaki anazaliwa na seti tatu za kromosomu badala ya mbili, na hawezi kuzaa ipasavyo. Ukaguzi wake ni kazi nzuri, sina neno: hutolewa damu na kupimwa ukubwa wa kiini cha seli nyekundu, kwa kuwa chenye seti tatu ni kikubwa zaidi. Ila utasa unazuia watoto, hauzuii kula. Samaki tasa huishi miaka mingi, na ukikosea idadi huna pa kukata rufaa. Kumvua ziwani ni kazi ngumu mno kwa sababu ni mwoga na huruka nyavu.

Hata hilo la kuzaa tulijiamini kupita kiasi. Mayai yake huvimba kwa kunywa maji, hubebwa na mkondo, na yakitua kwenye matope mapema huweza kufa. Ndiyo maana ilizoeleka kusemwa kwamba anahitaji mto mrefu, na kilomita 100 zilitajwa mara nyingi. Kisha mwaka 2012 wakavuliwa wanne katika Mto Sandusky, Ohio, unaoingia Ziwa Erie. Watafiti wakapasua vijiwe vya masikio yao, wakasoma kiasi cha strontiamu, elementi inayotoka kwenye maji anayoishi samaki, kilichojengeka humo siku hadi siku, na kemia ikaonyesha kwamba walizaliwa papo hapo mtoni. Mwaka 2015 mayai yenyewe yakanaswa. Kipande cha mto kinachotumika ni kifupi sana kuliko ile kanuni, lakini maji yakiwa ya joto mayai huanguliwa upesi, na mafuriko yakija wakati unaofaa, safari fupi inatosha. Nawavulia kofia hawa wa vijiwe vya masikio. Hawakuuliza anakula kiasi gani. Waliuliza ametoka wapi.

Ajabu ni kwamba kwao, katika Mto Yangtze wa China, hali ni kinyume. Mabwawa makubwa yamevuruga kupanda kwa maji kunakomwambia samaki huyu kwamba wakati wa kutaga umefika, na vifaranga wa mtoni wakapungua sana. Tangu 2011, Bwawa la Three Gorges limekuwa likifunguliwa kwa makusudi ili kutengeneza wimbi la mafuriko kwa ajili ya karpi wale wanne, na tangu Januari 2021 uvuvi katika mto huo umepigwa marufuku kwa miaka kumi. Wimbi la aina hiyohiyo likija Sandusky lenyewe, vikosi hushuka mtoni na nyavu na mashua zinazozubaisha samaki kwa umeme kuwasaka wazazi kabla hawajataga.