Waranti ya miaka mitatu, risiti ya siku saba

Wiki mbili zilizopita kijana wa jirani yangu hapa Njiro, Arusha, anayehariri video za harusi na sendofu, alikuja na swali: "Mjomba, kadi ya grafiki nichukue ya kampuni gani, ambayo haifi haraka?" Anazungumzia kile kifaa ndani ya kompyuta kinachochora picha na video. Alikuwa na ofa mbili za aina moja ya kadi, RTX 3060. Ya kwanza ni ya kampuni yenye jina kubwa, boksi halijafunguliwa, inaletwa na mtu anayefuata mzigo Dubai. Ya pili ni ya kampuni ambayo hakuwahi hata kuisikia, iko dukani mjini, hatua chache kutoka Mnara wa Saa, na bei yake imezidi kwa shilingi 180,000. Moyo wake ulishaenda kwa ya kwanza. Nilimwomba asilipe kwanza, tukae tuliongee.

Tukisema "kampuni ya kadi" tunachanganya watu wawili. Chipu, ile inayofanya hesabu zote za picha, inatoka NVIDIA au AMD, na tangu 2022 Intel naye yumo. Kadi nzima, yaani bodi, feni, bati la kupoozea na vipande vinavyotuliza umeme, inaundwa na wengine: ASUS, MSI, Gigabyte, Zotac, Palit, na upande wa AMD kuna Sapphire na PowerColor. RTX 3060 ya ASUS na ya Palit zina chipu ileile. Kinachotofautiana ni vitu vinavyoizunguka, na nani atakupokea siku ikizima.

Wanaotetea jina wana hoja, na siipuuzi. Kitu kinachochoka mapema kwenye kadi mara nyingi ni feni, kwa sababu ndiyo pekee inayozunguka. Feni nzuri na bati zito vinaishusha joto kadi, na joto likipanda na kushuka kila siku kwa miaka ndilo linalopasua zile lehemu ndogondogo chini ya chipu. Kampuni inayoweka vifaa vizuri inakupunguzia hatari hiyo. Shida ni kwamba kampuni hiyohiyo yenye jina hutoa toleo la bei ya juu lenye feni tatu na toleo la bei nafuu lenye feni mbili nyepesi, na nembo kwenye boksi ni ileile. Jina linakueleza kidogo sana kuhusu toleo ulilolishika mkononi.

Tena, makosa makubwa yanayojulikana hayakuchagua nembo. Mwaka 2008 NVIDIA ilitenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake mbovu zilizokuwa zikifa ndani ya laptopu za makampuni mbalimbali. Mwishoni mwa 2022 plagi za umeme za RTX 4090 zilianza kuyeyuka. NVIDIA ilisema imepokea taarifa zipatazo 50 duniani, na ikaeleza kuwa plagi hazikusukumwa hadi mwisho. Majira hayohayo AMD ilikiri kwamba baadhi ya RX 7900 XTX za muundo wake yenyewe zilikuwa na kipoozeo chenye maji pungufu, kadi zikachemka hadi nyuzi 110. Tovuti ya Hardware.fr ya Ufaransa ilichapisha kwa miaka mingi viwango vya bidhaa zinazorudishwa dukani, na aliyezifuatilia taarifa zile aliona kampuni zikipishana nafasi: inayoongoza leo, kesho iko nyuma. Anayeapa kwamba kampuni fulani "haifi" anasimulia kadi yake moja.

Basi tuangalie waranti, na hapa nitakaa zaidi, kwa kuwa hapa ndipo watu wa Arusha tunapoumia.

EVGA ilipendwa Marekani kuliko karibu kampuni yoyote ya kadi, na sababu kubwa ilikuwa jinsi ilivyomhudumia mteja aliyeharibikiwa. Septemba 2022 ikatangaza kuacha kabisa biashara ya kadi za grafiki, ingawa iliahidi kuheshimu waranti za zamani. Kabla yake kampuni nyingine ya kadi, BFG, iliwauzia watu waranti ya maisha. Mwaka 2010 ikatoka sokoni, na waranti ile ikabaki karatasi. Na hao walikuwa wateja waliokuwa nchi moja na kampuni yao.

Sisi je? Boksi linasema miaka mitatu. Ukisoma masharti, kampuni nyingi zinakuambia uanzie kwa aliyekuuzia, na waranti mara nyingi inafungwa kwenye eneo kadi ilikouzwa. Kadi iliyonunuliwa Dubai inatakiwa irudi Dubai. Muuzaji wa Dubai anamjua yule mfuata mzigo, hakujui wewe. Nami yamenikuta. Kadi yangu ya zamani ilianza kutoa mistari ya kijani kwenye skrini mwezi wa saba. Dukani wakanipokea vizuri, wakaifunga, ikapanda basi la usiku kwenda Dar. Baada ya hapo nikazungushwa: bosi amesafiri, mzigo haujafika, piga Ijumaa. Wiki kumi na moja. Iliporudi, kwenye boksi kulikuwa na karatasi inayosema imekataliwa kwa sababu stika juu ya skrubu imepasuka. Stika ile niliipasua mimi, na nilikuwa na sababu.

Mtu asiyeishi huku haijui sababu hiyo. Kiangazi vumbi letu jekundu linapita hata dirisha likiwa limefungwa. Nilimpelekea fundi wangu wa Kaloleni kadi iliyofanya kazi miaka miwili, akaifungua mbele yangu kwa bisibisi ndogo. Kati ya mapezi ya bati vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi, akalivuta kwa kibanio likatoka kipande kizima. Ile pesti ya kupitisha joto juu ya chipu ilikuwa imekauka kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Akaikwangua, akapaka mpya, akasafisha feni kwa brashi ya rangi, na joto likashuka kutoka nyuzi 86 hadi 71. Kazi ya dakika arobaini. Kadi ya Arusha inahitaji kufunguliwa, na stika inakuambia ukifungua umepoteza haki. Julai 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliziandikia barua za onyo ASRock, Gigabyte na Zotac kuhusu stika za namna hiyo. Barua hiyo haivuki hadi Tanzania, lakini inaonyesha kwamba malalamiko haya si ya kwetu peke yetu.

Huku tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayomkataza mfanyabiashara kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani ya kuisimamia. Ila ukienda kulalamika utaulizwa risiti. Wengi wetu tunapunguziwa elfu ishirini ili tusidai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na hapo tunakuwa tumeuza ushahidi wetu. Hata ukipewa, isome. Niliwahi kuona boksi la miaka mitatu likiambatana na risiti iliyogongwa muhuri: "Waranti siku 7." Ule muhuri ndio waranti yako halisi.

Kuna mahali jina linashinda, na lazima niliseme. Ukinunua kadi ya mamilioni, tuseme ya kufundishia mifano ya akili unde au ya studio inayotoa filamu, kampuni kubwa yenye msambazaji anayetambulika Dar au Nairobi ina maana, kwa sababu kadi hiyo inastahili nauli ya kuifuatilia. Nairobi kwa barabara ni saa tano au sita kupitia Namanga. Ukiwa na karatasi zako, safari hiyo inalipa. Kwa RTX 3060 au RX 6600 ya AMD hailipi. Nauli, siku mbili za kazi na malazi vitakula nusu ya kadi.

Na kuna muuaji ambaye waranti ya kampuni yoyote haimgusi: umeme. Ukikatika na kurudi kwa kishindo, kampuni itaandika uharibifu wa mtumiaji. RTX 3060 inakula wati 170, RX 6600 wati 132. Hazihitaji mashine kubwa, zinahitaji pawa saplai ya kweli, ile inayogawa umeme ndani ya kompyuta, na UPS ya kushikilia umeme ukikatika. Mtu anayeongeza laki mbili kwa ajili ya nembo huku akibaki na pawa saplai isiyo na jina, ananiumiza roho.

Kwa hiyo nilimwambia kijana aichukue ile ya mjini, kwa masharti. Aombe waranti ya mwaka mmoja iandikwe kwa mkono kwenye risiti, na iandikwe kubadilishiwa kadi, siyo "kuangaliwa". Namba ya siriali iandikwe hapohapo na aikague kwenye tovuti ya kampuni kabla ya kulipa. Kadi iwashwe palepale dukani kwa programu ya GPU-Z, ambayo tangu 2018 inatambua kadi nyingi bandia zilizobandikwa jina la NVIDIA. Na aulize kuhusu stika.

Alirudi jioni na boksi chini ya kwapa. Mwenye duka alikubali yote isipokuwa mwaka. Waliafikiana miezi tisa. Kuhusu stika, aliandika nyuma ya risiti kwa kalamu ya bluu: "Ruksa kusafisha, alete kwetu." Shilingi 180,000 ile ilimuuma, nilimwona usoni. Risiti tumeipiga picha, kwa kuwa karatasi zile za EFD hufutika wino kabla ya miezi tisa kuisha.