Boksi jipya, chuma cha zamani

Bawa la kushoto lilitoka kwenye mfuko likiwa na ndevu. Ndiyo, ndevu: utando mwembamba wa plastiki umezunguka ukingo wote, wa kunyolewa kwa wembe kabla hujaigusa gundi. Nikalichukua boksi nikalitazama upya. Picha inang'aa, MiG-21MF, ndege ya kivita ya Kisovieti, inapaa juu ya mawingu, na pembeni pameandikwa kwamba hili ni toleo jipya. Boksi kweli ni jipya. Sina ubishi na boksi.

Nina miaka kadhaa sasa naunganisha modeli za ndege za plastiki hapa Kirumba, Mwanza, juu ya meza ambayo mke wangu huidai kila ikikaribia saa ya chakula, na kila nikikutana na maneno "toleo jipya" huwa najiuliza jipya ni lipi. Modeli hizi hutoka kwenye kalibu ya chuma. Plastiki iliyoyeyushwa husukumwa ndani kwa nguvu, ikapoa, kalibu ikafunguliwa, na vipande vikatoka vimeshikana kwenye fremu yao kama sato waliotungwa kwenye kamba. Kuchonga kalibu ni gharama kubwa, lakini ikishachongwa hufanya kazi kwa miongo. Ndiyo maana kampuni haziitupi. Huiweka stoo, au huiuza, au huhama nayo: Revell na Monogram za Marekani ziliungana mwaka 1986, Airfix ya Uingereza ikanunuliwa na Hornby mwaka 2006, na vyuma navyo vikamfuata mwenye mali. Siku moja chuma kilekile kinafutwa vumbi, kinapigwa plastiki upya na kuchorewa picha ya kisasa. Nenda Igombe utaona mtumbwi uliopakwa rangi jana na kuandikwa jina la mchezaji mpira anayevuma mwaka huu. Mvuvi anayetaka kuununua haitazami rangi. Anagonga ubao kwa kifundo cha kidole.

Nami nikagonga. Kampuni siitaji, maana huu si ugonjwa wa mmoja.

Nilianza na rula. MiG-21 halisi, kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya jingine, ni mita 7.15. Modeli hii ni ya skeli 1:72, kipimo ambacho mtu wa futi sita anageuka kuwa inchi moja kamili. Gawanya, unapata milimita 99. Rula yangu ilisoma 101. Kwenye ndege halisi hizo milimita mbili ni sentimita 14 na kidogo, na anayeikataa modeli kwa sababu hiyo ana yake mengine moyoni. Nikahamia kwenye vichwa vya misumari inayoshikilia bati la ndege. Kalibu za zamani zilipenda kuionyesha, imeinuka mwili mzima kama vipele vya joto. Kila kimoja hapa kina upana wa nusu milimita hivi. Zidisha kwa 72: milimita 36, kikubwa kuliko kizibo cha soda. Sijui rubani gani angekubali kupanda ndege iliyopigiliwa vizibo vya soda toka puani hadi mkiani. Msasa laini na maji, jioni mbili, vikaisha.

Hayo yote nayasamehe. Nisilolisamehe liko mgongoni.

MiG-21 ilianza kutumika mwaka 1959, zikatengenezwa zaidi ya 10,000, na katika muda wote huo haikubaki ileile. Za mwanzo zilikuwa na mgongo mwembamba, na kioo cha rubani kilifunguka kwa kuinukia mbele. MF ya miaka ya 1970 ina mgongo ulionenepa kuanzia nyuma ya rubani, kioo kinafungukia pembeni, kila bawa lina vishikio viwili vya silaha badala ya kimoja, na tumboni kuna mzinga wa midomo miwili wa milimita 23. Mtu akishaonyeshwa tofauti hizi mara moja haachi tena kuziona. Sasa ndani ya boksi lenye picha ya MF nimekuta mwili wa PF, ndugu wa mwanzoni mwa miaka ya 1960, yule ambaye hata mzinga hakuwa nao. Pembeni yake kuna fremu ndogo ya plastiki iliyokoza rangi kuliko nyingine, yenye vishikio viwili vya kuongeza na mzinga wa kubandika tumboni. Yaani wamemchukua babu, wakamvalisha suruali ya mjukuu, wakampiga picha.

Najua kuna atakayesema, wewe mtu wa Kirumba, mgongo wa MiG unakuhusu nini?

Unanihusu. Mwaka 1978 Idi Amin alipoivamia Kagera, jeshi letu lilikuwa na MiG-21 za Kisovieti pamoja na ndege za Shenyang kutoka China, na uwanja wetu wa Mwanza, huuhuu tunaoshukia leo tukitoka Dar, ulikuwa kituo cha vita. Amin naye alikuwa na MiG-21 zake. Kwa hiyo kuna ndege chache sana duniani ambazo mji huu una haki ya kusema unazijua, na hii ni mojawapo. Nyingine ilikuja mara moja tu, na haikuja kwa heri. Machi 1979 Libya, ikimsaidia Amin, ilituma ndege yake kubwa ya Tu-22 kuja kuupiga mji wa Mwanza. Iliukosa mji. Silaha zake zikaangukia Saanane zikaua wanyama wa hifadhi. Ukisimama Kapripoint jioni unakiona kisiwa kiko pale mbele yako, unakaribia kukitupia jiwe, na unaanza kupima kwa macho: kidogo tu upande huu, ingekuwa habari nyingine. Watoto wa shule wanapelekwa Saanane kuangalia pimbi na mijusi. Sijui wangapi wanaambiwa hilo.

Basi mgongo ule ndio unaotofautisha ndege ya jirani, ile ya hapa kwetu, na ndege ya mgeni. Ningependa niliyonayo mezani ifanane na ya jirani. Stika za kwenye boksi hazikunisaidia, zimetoa nchi tatu: Umoja wa Kisovieti, Chekoslovakia na Ujerumani Mashariki. Silalamiki. Wateja wao wako huko. Ila inachekesha kidogo kwamba katika nchi tatu walizozichagua, mbili hazipo tena hata kwenye ramani, na ya tatu nayo haipo.

Mgongo nimeujenga mwenyewe kwa pati ya magari, ile wanayojazia mabonde ya bodi gereji. Funzo nililolilipia: usiipake nene. Tina iliyomo ndani huila plastiki, na mara ya kwanza ubavu ulilainika mpaka ukaacha alama ya kidole changu. Tabaka jembamba, usiku mzima wa kukauka, msasa, tabaka jingine. Siku nne. Vishikio viwili vya nyongeza vilikubali bila shida, na mzinga pia, ingawa gundi ilibidi niiweke kwa ncha ya kijiti cha meno.

Kisha kuna suala la uzito. Gurudumu la mbele na yale ya nyuma yamekaa kwa namna ambayo usipoweka kitu kizito puani, ndege inakalia mkia kama mbwa. Maelekezo yanataka gramu tano, bila kusema utazipata wapi. Mwanza zinapatikana Mwaloni, kwa wauza zana za uvuvi: vile vipande vya risasi vinavyofungwa kwenye nyavu ili zizame. Viwili nilivigonga kwa nyundo vikaingia ndani ya ile koni ya puani, hakuna anayeviona. Muuzaji aliniuliza natega samaki gani kwa risasi mbili. Nilimwambia ndege. Aliniangalia, akanirudishia chenji.

Rangi ni kilio kingine. Rangi za modeli hazipendwi kwenye ndege za abiria kwa sababu zinashika moto, kwa hiyo huku kwetu tunachanganya za magari. Nilipopata kijivu nilichokitaka nikaanza kupaka dirisha likiwa wazi, jioni ileile ambayo vijidudu vya ziwani viliamua kuinuka. Aliyewahi kuviona vikipanda juu ya maji kama moshi wa moto wa nyasi anajua ninachokisema. Bawa la kulia lilipata abiria kumi na saba. Nilihesabu.

Hata hivyo, niseme na upande wake mzuri, maana upo na si mdogo. Vipande ni 46 tu. Mabawa yanaingia kwenye mwili bila kulazimishwa, jambo ambalo nimelikosa kwenye modeli za gharama. Miguu ya magurudumu ni minene kuliko ilivyopaswa, lakini haivunjiki, na kijana wa darasa la sita akikaa nayo wikendi mbili atasimama na ndege. Eduard ya Jamhuri ya Cheki ilitoa MiG-21MF ya skeli hii mwaka 2018, kalibu mpya kabisa, na hiyo ni kazi ya watu wanaoijua ndege. Ila kwa mkono wa mtu anayeanza, vipande vile vidogo vitaishia chini ya kabati. Na bei: hii ilinigharimu shilingi 55,000 hadi kufika mlangoni. Mpya za aina ile nimewahi kutajiwa mara tatu ya hapo.

Kwa hiyo nasema nunua, ukiwa unajua unachonunua. Lawama yangu kwao ni moja tu, nayo ni ndogo hata kuitimiza: andikeni mwaka wa kalibu kwenye boksi. Gari la mtumba kutoka Japani linakuja na mwaka wake, bei inafuata mwaka, ushuru unafuata mwaka, na bado tunalinunua kwa furaha. Hakuna aliyedanganywa. Kuwa na modeli ya kizee si aibu. Ningeilipia hizohizo 55,000 hata kama wangeandika wazi kwamba chuma chake kina umri wa baba yangu mdogo.

Ambaye, kwa kumtaja, alipita hapa Jumapili. Wakati wa vita alikuwa kijana wa mjini hapahapa. Nilimwekea ndege kiganjani nikanyamaza, nikisubiri aseme lolote kuhusu mgongo. Akaigeuza. Akaipulizia.

"Ndogo hivi?"

"Ni skeli, baba mdogo."

"Sizungumzii skeli. Hata ile yenyewe ilikuwa ndogo. Kelele ndiyo ilikuwa kubwa." Akaiweka mezani, pua imeelekea ziwani, akaulizia chai.

Alipoondoka ndipo nikaona dole gumba lake limeganda mgongoni, kwenye rangi ambayo nilidhani imekauka. Msasa tena.