Msako wa wageni: anayeshikwa na anayeajiri

Kwenye fukwe za mashariki ya Unguja, Paje hadi Jambiani, ipo kazi isiyoandikwa kwenye orodha yoyote ya mishahara. Kijana kutoka Ulaya anafikia nyumba ya wageni kwa viza ya utalii. Anapewa kitanda na chai ya asubuhi, naye anakaa mapokezi saa nne au tano kwa siku, anajibu ujumbe wa wateja na kupiga picha za kutia mtandaoni. Wenyewe wanasema anajitolea. Nyumba ya pili yake yupo mhudumu kutoka Kenya. Huyu ana mshahara, ila kibali chake kimekwisha na mwajiri kila akiulizwa anajibu kwamba kinashughulikiwa. Kisheria wote wawili wanafanya kazi bila ya ruhusa. Msako ukija, kinachobaki kujulikana ni nani atalala ndani usiku huo.

Hapo ndipo baraza zetu zinapogawika. Upande mmoja utasikia: nchi ina wenyewe, asiye na karatasi arudi kwao. Upande wa pili utasikia: na sisi tuko kwa watu, leo mtoto wa mwenzio, kesho mwanao Maskati. Kila upande una hoja yake, na mara nyingi mtu mmoja anazisema zote mbili, asubuhi hii na jioni ile.

Tuanze na karatasi, maana watu wengi wanaobishana hawazijui. Uraia na uhamiaji ni mambo ya Muungano, yamo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977. Kazi si jambo la Muungano. Kwa hiyo mgeni anayeajiriwa Zanzibar anahitaji hati mbili: kibali cha kazi chini ya Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya 2005, na kibali cha ukaazi kutoka Uhamiaji. Hiki cha pili kina madaraja matatu. A ni ya mwekezaji na aliyejiajiri, B ni ya mwajiriwa, na C ni ya mwanafunzi, mtafiti, mtu wa dini na anayejitolea. Kijana wetu wa mapokezi, hata tukikubali kwamba kweli anajitolea, viza ya utalii haimtoshi.

Makosa yanazaliwa kwenye mwanya baina ya hati hizo mbili. Kila moja ina tarehe yake ya kumalizika, kila moja ina ada yake. Mwajiri anahuisha moja na kusahau ya pili. Kampuni yenye hoteli Arusha na Nungwi inamleta mpishi wake Unguja kwa msimu, na kibali chake cha kazi cha Bara, ambacho huku hakina nguvu. Mpishi mwenyewe anajua ana kibali. Amekiona kwa macho yake. Anayejaza fomu na kulipa ni mwajiri, na pasipoti aghalabu inakaa kwenye droo ya ofisi yake, ikisemwa ni kwa usalama.

Wanaotaka ukali hawasukumwi na chuki peke yake, na ni kosa kuwasoma hivyo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika visiwa ambavyo mwaka 2024 vilipokea watalii zaidi ya 700,000. Kijana wa Makunduchi au Matemwe aliyesoma utalii Maruhubi anaiona hoteli kila siku kutoka kwao, anaona na nani anaingia kwa mlango wa wafanyakazi. Mgeni asiye na kibali ni rahisi kwa tajiri: hachangiwi mfuko wa hifadhi ya jamii, hadai saa za ziada, hathubutu kwenda kulalamika Kamisheni ya Kazi. Akishakuwepo mfanyakazi wa namna hiyo, mshahara wa wenziwe wote unateremka, wenye karatasi na wasio nazo. Anayesema sheria isimamiwe anawatetea na hao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Barazani methali hii inatumiwa na wote: mmoja anaitumia kumkaribisha mgeni afanye kazi, mwengine kumkumbusha kwamba siku zake zimekwisha. Sheria ya vibali imeigeuza kabisa, kwani siku ya tatu ukimpa jembe bila ya karatasi umekosa wewe uliyempa. Sehemu hii ndiyo inayosahauliwa. Julai 2025 serikali ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara Tanzania Bara, zikiwemo kutuma fedha kwa simu, kutengeneza simu na kuongoza watalii. Mgeni akikutwa, faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na viza na kibali vinafutwa. Watu waliishia kusoma hapo. Amri hiyo hiyo ilimtaja na raia atakayemsaidia mgeni: milioni 5 au miezi mitatu. Leseni za biashara si jambo la Muungano, kwa hiyo amri haikuvuka bahari, lakini shabaha yake ya pili ingefaa iangaliwe huku kuliko ile ya kwanza.

Sasa kuzuiliwa. Kwanza neno lenyewe. Magazeti yanaandika "wahamiaji haramu", na kwa sikio la mtu wa visiwani haramu si neno dogo. Haramu ni nguruwe, riba, mali ya yatima. Kukaa nchini siku kumi baada ya viza kumalizika ni kosa, na kosa lina adhabu yake, lakini neno hilo linamhamisha mtu kutoka daftari la makosa hadi daftari la najisi. Akishafika huko, hakuna anayeuliza amelala wapi wala amekula nini. (Huku kwetu jela inaitwa Chuo cha Mafunzo. Mgeni anayepelekwa huko kwa sababu ya karatasi, sijui amekusudiwa kujifunza nini.)

Njia ya kumwondosha mtu, kwenye nchi nyingi, inakwenda hivi. Anakamatwa, anahojiwa, uraia wake unathibitishwa. Kisha ama anafikishwa mahakamani na kutozwa faini au kufungwa, ama inaandikwa amri ya kumwondosha. Inatafutwa hati ya safari, inatafutwa tiketi, anasindikizwa. Ukiwa na pasipoti mkononi na pesa ya tiketi, unaweza kuondoka ndani ya siku chache. Vikikosekana, kila hatua inageuka ukuta. Pasipoti iko kwa mwajiri, na mwajiri hapokei simu. Ubalozi, kwa mataifa mengi, uko Dar es Salaam, nao unataka jina kamili, kijiji, majina ya wazazi, picha na alama za vidole kabla ya kutoa hati ya dharura. Simu ya mtu imechukuliwa alipokamatwa, na nambari za ndugu zake zote zimo humo humo. Siku hizi ni nani anayehifadhi nambari kichwani? Tiketi nayo haina mnunuzi. Mtu aliyekosa karatasi moja anaweza kukaa ndani muda mrefu kuliko aliyeiba.

Sababu ni ya kisheria. Mshitakiwa wa jinai ana saa zake 24 za kufikishwa mahakamani. Anayesubiri kuondoshwa hahesabiwi mshitakiwa tena, na saa hizo hazimfuati. Hajui atatoka lini, na hata anayemlinda hajui. Panapokosekana tarehe panazaliwa bei. Rushwa kwenye vizuizi vya namna hii haihitaji askari muovu kuliko wengine. Inatosha pawe na mlango usiojulikana utafunguliwa lini na mtu mmoja mwenye ufunguo.

Kenya waliliona hili Aprili 2014. Baada ya magaidi kushambulia duka kubwa la Westgate, Nairobi, na mashambulizi yaliyofuata, hofu ilikuwa ya kweli, na serikali ikaanzisha operesheni iliyowalenga zaidi Wasomali wa Eastleigh. Watu zaidi ya 4,000 walikamatwa, na wengi walipelekwa uwanja wa mpira wa Kasarani kuchujwa. Miongoni mwao walikuwemo raia wa Kenya wenye vitambulisho. Wakaazi wa Eastleigh walikuwa na msemo wao, kwamba wao ni ATM ya polisi.

Afrika Kusini, ambako vijana wetu wazamiaji wa meli wamekuwa wakiishia miaka mingi, sheria iliruhusu kumzuia mtu siku 30, na mahakama kuongeza hadi 90 nyengine bila ya kumwona uso. Juni 2017 Mahakama ya Katiba ikasema hapana: aliyezuiliwa afikishwe mbele ya hakimu yeye mwenyewe ndani ya saa 48. Chuki dhidi ya wageni haikuondoka kwa hukumu ile, lakini saa ziliwekwa. Uingereza mpaka leo haijaweka kisheria kikomo cha siku kwa watu wazima walio wengi.

Marekani ndiyo inayojaza simu zetu sasa: maafisa waliofunika nyuso, gari zisizo na alama. Kufikia Novemba 2025 waliozuiliwa kwa mambo ya uhamiaji walipindukia 60,000, na wengi wao hawakuwa na hukumu yoyote ya jinai. Wanaounga mkono wana takwimu yao nao, na si ya kubezwa. Waliokamatwa kwenye mpaka wa kusini katika mwaka wa fedha wa 2025 walikuwa wachache kuliko mwaka wowote tangu miaka ya mwanzo ya 1970. Ukali ulizuia. Lakini itazame kura ya maoni ya Gallup. Mwaka 2024 Wamarekani 55 kwa 100 walitaka wahamiaji wapunguzwe, na Juni 2025 waliotaka hivyo walikuwa 30. Sehemu ya maelezo ni kwamba mpaka ulishatulia. Sehemu nyengine, nionavyo, ni kwamba waliokuwa wakiuwaza mpaka, sasa walimwona muuza tamale (chakula cha Kimeksiko) na mkata majani wa jirani yao akitiwa pingu. Watu walikubali sheria kwa jumla na wakakataa namna inavyotekelezwa mtaani kwao. Mlango wa kuingilia nao umezidi kuwa mwembamba: kuanzia Oktoba 2025, Mtanzania aliyeomba viza ya matembezi au biashara aliweza kutakiwa aweke dhamana ya hadi dola 15,000.

Wapemba hawahitaji kwenda mbali hivyo. Wavuvi wa Pemba wamekuwa wakipiga dago pwani ya Kenya tangu zamani za mababu. Walivuka kwa upepo, wakafunga kambi Shimoni, Vanga, hadi Kilifi, na baadhi wakaoa na kubaki. Baadhi walikuwa wameshafika kabla ya uhuru. Kwa miongo waliishi bila ya kitambulisho: chombo kimeandikwa kwa jina la mtu mwengine, laini ya simu kwa jina la mtu mwengine, na askari akitaka kitambulisho hakipo. Januari 2001, baada ya watu kuuliwa katika maandamano ya tarehe 26 na 27, zaidi ya 2,000 wengine walivuka kukimbilia Shimoni. Anayekimbia hivyo hapiti kwanza uhamiaji. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 31, unasema mkimbizi aliyekuja moja kwa moja kutoka kwenye hatari na kujitokeza bila ya kuchelewa asiadhibiwe kwa kuingia bila ya ruhusa. Wapemba waliokuwa wenyeji wa siku nyingi huko walingoja hadi 2023 kutambuliwa kuwa raia na kupewa vitambulisho.

Hoja ya kwamba na sisi tuko kwa watu ina uzito huo, ingawa haifuti ile ya kijana wa Matemwe. Kinachoziunganisha ni mwajiri. Chini ya mfumo wa kafala wa nchi za Ghuba, unaomfunga mgeni kwa mwajiri aliyemdhamini, mfanyakazi wa ndani anayekimbia kipigo au mshahara usiolipwa anaripotiwa kwamba ametoroka, na tangu siku hiyo mkosaji ni yeye. Oman ililegeza mwaka 2021, mfanyakazi aliyemaliza mkataba akaruhusiwa kuhamia kwa mwajiri mwengine bila ya idhini ya yule wa kwanza. Anayekimbia katikati ya mkataba hakufunguliwa mlango huo. Huku kwetu jambo hilo hilo linaweza kutokea kwa sura nyengine: mfanyakazi anadai mishahara ya miezi mitatu, na wiki ile ile simu inapigwa kwamba fulani hana kibali. Anachukuliwa. Deni limelipwa kwa simu moja.

Taarifa kama hizo zisitupwe, ila zisianzie kwa mfanyakazi. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa au kijiji, ana kazi kisheria ya kujua nani kaingia na nani katoka kwenye shehia yake, na hoteli ina daftari la wafanyakazi na orodha ya malipo. Ukaguzi unaoanza na orodha hiyo, ukalinganisha majina na vibali viwili vya kila mmoja, unachukua asubuhi moja kwa hoteli ya vyumba 40, na unamfikia na yule kijana wa kitanda na chai ambaye jina lake halimo kabisa. Aliyekosa kibali apewe tarehe ya kuondoka na arudishiwe pasipoti mbele ya mkaguzi. Rumande ibaki kwa aliyekwishapewa tarehe akajificha, au aliyeshukiwa kwa kosa jengine. Tiketi alipe aliyemwajiri. Hoja ya kwamba wengi watatoroka wakipewa tarehe ni ya haki, lakini kisiwa kina bandari na viwanja vya ndege vinavyohesabika kwa vidole. Jahazi za njia za panya zipo, ndiyo, na zipo hata kwa aliyefungiwa ndani kisha akatoka kwa pesa.

Kabla hajapanda ndege, lakini, liandikwe dai lake. Kesi ya mshahara inahitaji mlalamikaji, na aliyekwishaondoshwa hayupo. Jina la mwajiri, miezi asiyolipwa, kiasi kwa mwezi, sahihi yake na nambari ya ndugu wa kupokea fedha. Nakala moja Uhamiaji, nyengine Kamisheni ya Kazi. Haizidi ukurasa mmoja, na muda wa kuijaza upo, maana mtu huyo hana kazi nyengine ila kusubiri tiketi.