Wanatuuzia Magari, Wao Wanatembea

Shangazi yangu wa Tandika alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne wiki iliyopita. Anauliza ile chai ninayokunywa huku Japani inaitwaje, ile iliyonitoa kitambi, na kama naweza kumfungia pakiti kumi ndani ya gari litakalokuja na meli ijayo. Wateja anao tayari. Nikamjibu: shangazi, chai yangu ni majani na maji ya moto tu, tofauti na yako ni kwamba hii haina sukari. Akaniandikia neno moja: "Mchoyo."

Sikukasirika. Tangu nirudi huku kutoka likizo, watu saba wameniuliza dawa. Mmoja anataka vidonge, mwingine mkanda wa kubana tumbo, na rafiki yangu wa shule ameshanunua unga fulani wa kijani kwa laki moja na nusu anataka nimhakikishie kama ni wa Kijapani kweli. Maandishi ya kwenye kopo ni ya Kichina. Kila nikisema sikunywa dawa wananiona nafichaficha.

Basi nieleze ilivyokuwa.

Nilitua Narita mwezi Februari nikiwa na kilo 97, na urefu wangu ni mita moja na sentimita 71. Dar mwili ule ulikuwa heshima. Kitambi kilinitangulia kuingia ofisini na watu walinipisha. Nilikuja kufanya kazi kwenye yadi ya magari yaliyotumika, nje kidogo ya Yokohama: kukagua, kupiga picha, kuandaa makaratasi ya magari yanayokwenda Dar es Salaam na Mombasa. Nilijua kabisa kwamba mtu anayeshinda na funguo mia tatu mfukoni hatatembea kwa miguu tena maisha yake yote.

Siku ya kwanza mwajiri akanikabidhi kadi ya treni. Hapa kampuni nyingi humlipia mfanyakazi nauli ya kwenda na kurudi kazini, na kwa mjini hiyo maana yake ni treni. Kutoka chumbani kwangu hadi stesheni ni dakika 17 kwa miguu. Stesheni ina ngazi. Nabadili treni, ngazi nyingine. Nikishuka natembea dakika 12 nyingine hadi yadi, halafu kazi yenyewe ni kuzunguka kati ya magari mchana kutwa. Wiki ya kwanza nilikuwa nikifika nyumbani navua viatu nimekaa sakafuni, siwezi kuinama.

Nikamuuliza mwenzangu wa kazini, mzee mmoja mpole, mbona yeye anayeuza magari hana gari. Akaniangalia kama nimemuuliza mbona hana tembo. Katika miji ya Japani huwezi kusajili gari mpaka uonyeshe cheti kwamba una mahali pa kuliegesha, na pawe ndani ya kilomita mbili kutoka unapoishi. Ukikosa pa kwako unakodi kwa mwezi. Kuegesha kando ya barabara usiku kucha kama tunavyofanya Sinza ni kosa. Kisha kuna ukaguzi wa lazima: gari jipya linakaguliwa baada ya miaka mitatu, na baada ya hapo kila miaka miwili, na gharama yake inauma. Ndiyo maana Mjapani anaiuza ile Toyota IST ikiwa bado inang'aa. Tunainunua sisi. Yeye anarudi kwenye treni na miguu yake.

Jambo hilo limekaa kichwani mwangu miaka mitano sasa. Kazi yangu ni kuyatoa magari kwa watu wanaotembea na kuyapeleka kwa watu ambao nao walikuwa wakitembea.

Chakula nacho kina habari yake. Kibakuli cha wali cha Kijapani kinaenea kiganjani, gramu 150 hivi za wali uliopikwa, kama kalori 230. Pembeni kuna supu ya soya, kipande cha samaki, mboga, kachumbari ya siki. Mara ya kwanza nilidhani ni kionjo, nikakaa kusubiri chakula chenyewe. Dukani kila tonge la wali lililofungwa kwa mwani limeandikwa kalori zake ubavuni, unasoma kabla hujalipa. Mashine za vinywaji ziko kila kona, na chupa nyingi zilizomo ni chai baridi isiyo na chembe ya sukari. Soda zipo. Ila ukisimama pale na kiu, chai iko mbele yako kwa bei ileile au chini ya hapo, na baada ya muda ulimi unazoea. Soda ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko tisa vya chai. Nyumbani nilikuwa nakunywa mbili kwa siku, achilia mbali chai ya asubuhi yenye vijiko vinne na maandazi matatu.

Hapo sikuwa nimeamua kupungua. Sikujinyima kitu na sikuhesabu chochote. Baada ya miezi 14 mizani ilisoma kilo 81, na mkanda wangu wa Kariakoo nikautoboa matundu mapya kwa msumari.

Wajapani wana msemo, hara hachi bu, kula mpaka tumbo lifike sehemu nane katika kumi. Watu wanausambaza mitandaoni kama siri kubwa ya Mashariki. Sisi tuliopitia madrasa tunaijua theluthi tangu utotoni: moja ya chakula, moja ya maji, moja ya pumzi. Tumeihifadhi vizuri sana. Ila masinia yetu hayakuhudhuria madrasa.

Nilipokwenda likizo mara ya kwanza nilibeba mizani ndogo ya jikoni, nilimnunulia dada yangu anayeoka keki. Siku moja mama akiwa uani nikaweka sahani aliyonipakulia juu yake. Wali mtupu, bila maharage, bila samaki: gramu 520. Zaidi ya vibakuli vitatu vya kule, na huo ni wali wa nazi. Nikaula wote. Ningefanyaje? Mama amesimama mlangoni, kaniangalia mashavu, kasema, "Mwanangu, huko wanakutesa?" Mtu aliyerudi na kilo 81 kutoka ng'ambo, Temeke, anatakiwa ajieleze. Ana presha? Ana sukari? Au lile jambo ambalo watu hawalitaji, wanauliza tu kwa macho. Jirani mmoja aliniletea supu ya kongoro siku tatu mfululizo bila kuombwa. Nikikataa, nimemkataa yeye.

Wiki sita, kilo sita. Lakini sitaki kuusingizia wali peke yake. Simu yangu inahesabu hatua. Siku ya kazi Yokohama hufika 11,000 bila kukusudia; Tandika nilikuwa napata 2,000 na ushee. Kwenda sokoni, bodaboda. Kwenda msikitini, shemeji ananipitia na gari. Kwenda dukani kununua vocha, mtoto anatumwa. Nikisema nakwenda kwa miguu hadi Temeke Mwisho, nusu saa tu, nyumba nzima inasimama. Siku moja nilitoka kimyakimya alfajiri, nikakutana na kijana wa kijiweni akaniuliza kwa huruma ya kweli, "Kaka, gari limekwama bandarini?"

Na kutembea kwenyewe, jamani. Pale kwenye njia ya waenda kwa miguu kuna meza ya machinga, mbele yake bodaboda tano zimepaki, mbele yake mfereji umekosa mfuniko, halafu njia inakwisha uko barabarani na daladala inakupigia honi mgongoni. Saa nne jua limeshakuwa la kupasua kichwa na mti hakuna. Mtu akikaa ndani ya IST yenye kiyoyozi simuiti mvivu, amefanya hesabu. Kwa hiyo yale maneno ya "watu weusi hatuna nidhamu ya kula" mimi siyataki kabisa, hasa yakitoka kwa wenzangu walioishi nje miaka miwili. Nidhamu yangu mimi ilianzia Narita?

Ushahidi mzuri uko hukuhuku Japani, kusini, kwenye visiwa vya Okinawa. Ule msemo wa sehemu nane katika kumi unahusishwa sana na watu wa huko, walisifiwa dunia nzima kwa kuishi miaka mingi wakila viazi vitamu, mboga na tofu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walitawaliwa na Marekani hadi mwaka 1972. Kambi za jeshi zikaja na nyama za makopo, na mwaka 1963 ukafunguliwa mgahawa wa hamburger wa kampuni ya Kimarekani, miaka minane kabla McDonald's haijafika Tokyo. Reli yao iliharibiwa vitani, mji wa Naha ukaja kupata treni ya juu mwaka 2003, kwa hiyo watu walizoea magari hata kwa safari ya dukani. Orodha ya mwaka 2000 ilipotoka, wanaume wa Okinawa walikuwa wameporomoka kutoka nafasi ya nne hadi ya 26 kati ya mikoa 47 kwa umri wa kuishi. Leo ni miongoni mwa wanene kuliko wote nchini. Msemo wao bado wanaukumbuka. Kilichobadilika ni barabara na jiko.

Sisi tunapita njia hiyohiyo, na kwa kasi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha zaidi ya robo ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wamezidi uzito, na mijini ni wengi kuliko vijijini. Chipsi mayai zimechukua nafasi ya mihogo ya kuchemsha, bodaboda imechukua nafasi ya miguu, na kazi nyingi za mjini zimekuwa za kukaa.

Kila asubuhi saa mbili pale yadi tunafanya rajio taiso. Ni mazoezi ya viungo yaliyoanza kurushwa redioni mwaka 1928, na mpaka leo redio ya taifa huyarusha saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Sisi tunapiga rekodi tu. Dakika tatu, piano inalia, bosi na mfagiaji wanainua mikono pamoja. Mwanzo niliona kichekesho. Nyumbani nasi tulijaribu: Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Wazo zuri, ila mara moja kwa mwezi mwili unasahau. Ninaowavulia kofia ni vijana wa klabu za jogging za Temeke, wale wanaokimbia alfajiri kwa filimbi na nyimbo wakiamsha mtaa mzima. Hao hawakusubiri tamko.

Nisije nikaonekana naichora Japani kama pepo. Chumvi yao ni balaa, kati ya supu, mchuzi wa soya na kachumbari sijui figo zinasemaje. Usiku wa Ijumaa wanaume wa makoti wanakunywa mpaka treni ya mwisho, halafu wanamalizia na bakuli la tambi za mafuta. Wasichana wengi wa miaka ya 20 wamekonda kupita kiasi na bado wanataka kupungua, jambo ambalo mama yangu angelia akiliona. Na tangu mwaka 2008 kila mwenye bima ya afya kuanzia miaka 40 hadi 74 anaitwa kupimwa kiuno: mwanaume akifika sentimita 85, mwanamke 90, anaangaliwa pia sukari na presha, vikionyesha hatari anapewa ushauri. Mimi nilifikisha 40 mwaka jana. Nesi kanizungushia mkanda, nikabana pumzi kama mtoto anayepimwa suti ya Idi, akaniambia kwa adabu nyingi nipumue. Ulisoma 84 na nusu.

Likizo ya pili nilijipanga. Chai nikaomba bila sukari, mama akaiita chai ya mgonjwa lakini akaipika. Kwenye daladala nikawa nashuka vituo viwili nyuma, konda anashangaa, "Oya mzee, bado hatujafika!" Wali nikauomba baada ya mchicha na dagaa, tumbo likiwa limeshapata pa kuanzia. Safari hii niliongeza kilo moja na nusu. Sikufanya kishujaa; kila siku ilikuwa ubishi mdogo na watu wanaonipenda, na ubishi wa namna hiyo unachosha kuliko ngazi za stesheni. Mtu anayeishi humo mwaka mzima, akitoka kazini Posta saa kumi na moja, akifika Chanika saa mbili usiku amesimama njia nzima, mimi sina mdomo wa kumwambia akimbie. Ningeanza na njia ya miguu yenye kivuli kutoka kituo cha Mwendokasi hadi nyumbani kwake.

Mama nilimpelekea vibakuli vitano vya wali, vya udongo, vya buluu na nyeupe. Alivipenda mno. Juzi tukiongea kwa video niliviona nyuma yake jikoni: kimoja kina chumvi, kimoja pilipili mbuzi, viwili vimefunikwa kabatini vinasubiri wageni. Cha tano kilikuwa mkononi mwa mjukuu wake wa miaka mitatu, kimejaa wali mpaka juu, na mama anambembeleza, "Maliza, baba, nikuongeze."