Anayekunja karata kabla ya zamu tunamchekea mno

Jumamosi moja nilikuwa kwenye mashindano madogo ya poka hapa Nairobi. Karata ya tano, ya mwisho, imeshafunguliwa mezani, tumebaki watatu. Wa kwanza kusema ni kijana aliyejiziba masikio kwa spika za masikioni, mimi nafuata, na nyuma yangu kuna mzee mmoja ambaye ndiye aliyekuwa akipandisha dau tangu mwanzo. Mkononi nina kwini mbili. Kijana anachezea kete zake, vile vidude vya kuwekea dau, hajaamua. Mara simu ya mzee inalia. Anazitupa karata zake katikati ya meza, yaani anakunja na kujitoa kwenye mkono huo wa karata, kisha anainuka na kupokea.

Kijana akamtazama mzee, akanitazama mimi, akasukuma kete zote.

Sekunde kumi kabla ya hapo asingethubutu. Aliyekuwa akimtia hofu ni mzee, si mimi, na mzee sasa alikuwa mlangoni akiuliza bei ya mabati. Nilifikiri hadi mgawaji akaanza kunikodolea macho, kisha nikakunja. Kijana kwa madaha akafunua jeki na kumi. Hakuwa na kitu!

Mzee aliporudi, mgawaji alimwambia kwa tabasamu, "Mzee, tungoje zamu yetu." Yakaishia hapo, karata zikagawiwa upya.

Kilichonikera zaidi ni kwamba saa moja kabla, meza hiyohiyo, mama mmoja mgeni wa mchezo aliweka dau kabla ya zamu yake. Msimamizi aliitwa, akamkalisha nje mzunguko mzima, yaani hadi zamu ya dau za lazima ipite kwa kila mtu mezani. Dau za lazima zilikuwa 500 na 1,000, na juu yake 1,000 ya ante, mchango wa lazima unaolipwa mara moja kwa mzunguko. Ukikaa nje karata zako zinatupwa bila kuchezwa, lakini hizo kete 2,500 zinakatwa vilevile. Mama alikuwa na 9,000, kwa hiyo zaidi ya robo ya mali yake ikaenda bila kugusa karata. Mzee wetu mwenye 90,000 angekalishwa nje vivyo hivyo, asingehisi hata kuumwa na mbu.

Kanuni ninazijua. Sehemu nyingi hufuata zile za TDA, chama cha wasimamizi wa mashindano kilichoanzishwa 2001 na akina Matt Savage na Linda Johnson. Ukiweka dau kabla ya zamu, mchezo unarudishwa kwa mwenye zamu. Akipita bila kuweka dau, akikunja au akifuata dau lililopo, dau lako linabaki palepale hata kama umeshajuta. Akipandisha, unarudishiwa kete zako na kuchagua upya. Maana yake yule mama alikuwa ameshajifunga mwenyewe: kila mtu aliyekuwa mbele yake alijua anataka kufanya nini, naye hawezi kurudi nyuma ila mtu apandishe. Faini ya kwanza ameshailipa kabla msimamizi hajafika.

Kukunja kabla ya zamu nako hakurudishwi, ukikunja umekunja. Lakini aliyekunja anapoteza nini? Karata zile alikuwa anazitupa tu. Hasara inamwangukia jirani ambaye hajakosa lolote, na faida inakwenda kwa yule ambaye bado hajasema. Ndiyo maana naona mizani yetu imekaa kichwa chini. Onyo la mdomo litoshe kwa anayeweka dau kwa kupitiwa. Anayekunja mapema huku watu wawili au zaidi bado wanapigania kete, hasa karata ya mwisho ikiwa mezani, akalishwe nje mikono miwili mitatu hata kama ni mara yake ya kwanza. Akirudia, mzunguko.

Nakubali, mimi pia nimewahi kufanya hivyo, saa nane usiku, macho mazito, nataka tu mkono uishe nikajinyooshe. Sikuambiwa kitu. Ningeambiwa siku ile, nisingerudia, na nilirudia.

Wakati wa mapumziko mzee alinikuta nikinywa chai. Akavuta kiti, mpole kabisa.

"Kijana wangu, nimesikia ulikuwa na kwini mbili. Mbona ukaziachia?"

"Iulize simu yako, mzee wangu."

Akacheka hadi akakohoa, akaniagizia chai ya pili. Sidhani alielewa.