Acheni Amenye Viazi

Jamani, filamu ya Ubelgiji ya Jeanne Dielman, ya mwaka 1975, ina saa 3 na dakika 21. Mama wa Brussels anamenya viazi, anaosha vyombo, anang'arisha viatu vya mwanawe. Kamera imetulia tuli. Nimeiweka sebuleni, shemeji kauliza mara nne, "Sasa stelingi ni nani?" Halafu kalala. Huyo namsamehe. Anayenikera ni yule msomi wa kochi la pili: kila ukipiga mwayo, hujaelewa! Eti mwaka 2022 wahakiki waliopigishwa kura na jarida la filamu la Sight and Sound waliipa namba 1 kati ya filamu bora za wakati wote. Kwa hiyo mwayo nao unataka digrii? Mimi nimeipenda, ila kwenye viazi nilisinzia. Na msomi wetu nilimwona, anachungulia simu chini ya mto.