Zima, Washa, Aibika

Mwaka 2014 niliitwa kwenye duka la intaneti hapa Tabora. Kompyuta kumi, zote za Ubuntu, yaani mfumo wa Linux, kwa sababu bosi alichoshwa na virusi vya flashi, zinafungua kila kitu isipokuwa tovuti moja: ile wanafunzi waliyokuwa wakijazia maombi ya chuo. Ya kumi na moja, ile ya kaunta, peke yake ndiyo iliyokuwa ikiingia kila mara, na foleni yote imehamia hapo.

Hiyo ya kaunta ni kikongwe. Swichi yake iling'oka zamani, inawashwa kwa kugusanisha nyaya mbili na ncha ya bisibisi, kwa hiyo hakuna anayethubutu kuizima. Ina UPS yake, betri ya kuishikilia umeme ukikatika, na ilikuwa na mwezi mzima haijalala.

Nikatoa dawa ya mafundi wote: zima, washa. Namba tatu, iliyokuwa ikibahatisha, ikagoma kabisa. Nikazizima zote kumi kwa mpigo. Zikawaka vizuri, zikagoma vizuri zaidi.

Bibi mmoja aliyemleta mjukuu wake akanitazama weee, kisha akasema, "Mwanangu, kila unayoigusa inakufa. Nzima ni ile ambayo hujaigusa."

Duka zima likacheka. Nami nikacheka, kwa uchungu.

Usiku nikawasha tcpdump, programu ya kuchungulia kinachopita kwenye mtandao. Pakiti za SYN, zile za kuomba kuunganishwa, zinatoka, seva kimya, kama unapiga hodi kwa mtu unayemdai. Nikalinganisha na za kaunta: tofauti ya maana ilikuwa kwenye kichwa cha TCP, yale maelezo ya mwanzo wa kila pakiti: ule muhuri wa muda. Kwenye Linux ya wakati huo muhuri ulihesabu tangu mashine ilipowashwa. Wote tunatokea kwenye anwani moja ya IP, na dalili zote zilionyesha seva ya wenzetu imewashiwa mpangilio wa Linux uitwao tcp_tw_recycle: inakumbuka muhuri wa mwisho kutoka anwani hiyo, na kwa dakika nzima anayekuja na mdogo zaidi anatupwa bila jibu. Kikongwe ana mwezi. Zangu zina dakika tano, na kila nikizima nazirudisha uchangani. Bibi alikuwa sahihi kabisa!

Nikaandika `sysctl -w net.ipv4.tcp_timestamps=0` kwenye zote kumi, ziache kutuma muhuri huo. Zikaingia.

Asubuhi bibi akarudi na mjukuu.

"Shikamoo, bibi. Leo zote nzima."

"Marahaba. Umezigusa?"

"Nimezigusa zote."

Akamgeukia mjukuu: "Kapange foleni kaunta."